Siku Tuliyopuliza Hewa Kisimani

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu Neema alinichukua nikaone mafunzo yenu hapo Mugumu. Mlinipa kiti cha plastiki karibu na dirisha, mkaniamkia shikamoo mmoja mmoja mpaka nikachoka kuitikia, kisha mkarudi kwenye kazi yenu. Nilipenda nilichokiona. Makundi madogo, kila kundi na kompyuta yake moja na kigari kidogo cha betri ambacho mlikuwa mnakiandikia maagizo. Kigari cha kundi lililokuwa karibu nami kiligonga ukuta, kikarudi nyuma, kikagonga tena pale pale. Kijana mmoja mwenye miwani akakigombeza kwamba alishakiambia kikate kona. Mwenzake akamjibu kwamba alikiambia kikate, hakukiambia wapi.

Hapo nilicheka mpaka mkufunzi wenu akageuka. Akaniuliza kama na sisi enzi zetu tulikuwa na mambo ya namna hii. Nikamjibu kwamba kompyuta hatukuwa nayo, umeme pia hatukuwa nao, lakini kugombeza chuma tuligombeza sana. Akaniomba nije siku nyingine niwasimulie. Miguu yangu haipendi safari tena, kwa hiyo nimeona niwaandikie. Mtanivumilia nikiruka huku na huku, maana mambo hayaniji kwa mpangilio.

Mimi ni Mwalimu Robi. Nilizaliwa upande wa Tarime, lakini kazi yangu niliifanya huku Serengeti, katika kijiji kipya upande wa Mbalibali, miaka ile ya Ujamaa ambapo watu walitolewa kwenye miji yao ya kifamilia iliyotawanyika wakakusanywa kuishi pamoja. Kijiji kilikuwa kipya kweli. Nyumba zilikuwa na udongo mbichi, ng'ombe walikuwa bado wanajirudia wenyewe kwenye mazizi ya zamani kila jioni, na majirani walikuwa wanasalimiana kwa tahadhari. Kisima hakikuwepo. Maji yalikuwa mtoni, na mto ulikuwa mbali.

Ufundi niliuangukia tu. Nilipangiwa kufundisha hesabu na Kiswahili darasa la nne. Siku moja mwalimu mkuu aliingiza ofisini sanduku la vifaa lililoletwa kwa ajili ya vijana waliomaliza la saba bila kupata nafasi ya sekondari, na hao walikuwa ndio wengi. Akauliza nani kati yetu anajua kushika spana. Walimu wanaume wakatazama dari. Mimi nikanyoosha mkono, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba kule Musoma, na utoto wangu nusu nzima niliumaliza nikimshikia taa akiwa amelala chini ya mashine. Mwalimu mkuu alinitazama, akalitazama sanduku, akasema basi hilo ni langu.

Ndani yake mlikuwa na jiriwa moja ya kubania chuma, nyundo chache, tupa, msumeno wa chuma na mkasi wa kukatia bati. Siku hizi nasikia kufundisha kwa makundi madogo ni mbinu ya kisasa. Kwetu ulikuwa uhaba wa nyundo. Nilichukua vijana sita sita kwa zamu, kwa sababu zaidi ya hapo kuna atakayesimama na mikono mfukoni, na kijana mwenye mikono mfukoni karakanani ataanza kuchokoza wenzake.

Baba yangu hakuwahi kunifundisha kwa maneno. Alichokuwa nacho ni kitambaa kikuukuu cha kaniki. Kila alichokifungua kwenye mashine alikilaza juu ya kitambaa hicho, cha kwanza kushoto, kinachofuata kando yake, mpaka cha mwisho. Wakati wa kurudisha alianzia kulia. Niliwapa vijana wangu zoezi hilo siku ya kwanza kwa gurudumu la baiskeli ya mwalimu mkuu. Gololi zilipotea na mwalimu mkuu alitembea kwa miguu hadi mwisho wa mwezi, lakini kundi lile halikupoteza gololi nyingine maisha yao yote.

Zoezi ambalo lingemfaa yule kijana wa miwani tuliliita kipofu. Nilimfunga mmoja kitambaa machoni, nikampa ekseli, bakuli, gololi na nati, na wengine wakamwelekeza kuziunganisha bila kumgusa. Wa kwanza kufungwa alikuwa Gati, binti mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wa kwanza kuelekeza alikuwa Chacha, kijana wa Mzee Wambura, ambaye ng'ombe wa baba yake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote kijijini. Chacha akamwambia Gati aweke nati. Gati akaiweka mdomoni. Alisema hakuambiwa aiweke wapi, na alisema akiwa na nati mdomoni. Wenzake wakaanza kumwelekeza wote kwa pamoja, huyu kushoto, yule kulia, Gati akavua kitambaa akawatupia.

Basi tukajiwekea taratibu. Anaongea mmoja. Anataja kitu gani, kiko wapi, kifanywe nini. Anangoja kifanywe kwanza, ndipo aseme kingine. Chacha aliyeanza vibaya ndiye aliyekuja kuwa hodari kupita wote, kwa sababu alikuwa na sauti ya kuchungia, nzito na isiyo na haraka. Nyinyi mnafanya mambo hayo hayo na vigari vyenu, ila sisi kigari chetu kilikuwa kinaweza kukujibu.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa mabomba ya bati ya kushushia maji ya mvua kutoka kwenye paa la shule. Tulikunja bati kwenye gogo la mviringo, tukabana kingo kwa nyundo, tukapata vipande virefu vya bomba ambavyo tuliviunganisha kimoja baada ya kingine. Siku mvua iliponyesha, mwalimu mkuu alisimama chini ya ukuta kuonyesha wageni, na kila kiungo kikamwaga maji juu yake. Tulikuwa tumeingiza cha chini ndani ya cha juu. Bomba la juu ndilo liingie ndani ya la chini, ndipo kinachoteremka kisipate upenyo wa kutoka. Tulifungua yote tukaanza upya, na mwalimu mkuu akawa anasimama mbali.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Makuru, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaandikia.

Mzee Makuru alikuwa mhunzi. Huku kwetu watu wa ukoo wa wahunzi, waturi, walikuwa wanaishi pembeni. Watu walinunua majembe na mishale yao, lakini hawakuoana nao, hawakuketi kwenye vigoda vyao, na mivukuto yao, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, haikuguswa na mtu wa nje. Ilisemekana inaleta mikosi kwenye uzazi na kwenye zizi. Mimi nilikua nikiyasikia hayo kama nilivyosikia kwamba usiku usipige mluzi. Watu walipokusanywa kijijini, Makuru naye aliletwa, akapewa kiwanja kama wengine, na kwa mara ya kwanza watu wakajikuta mturi ni jirani wa nyumba ya tatu.

Binti yake Nyangi alikuja karakanani mwenyewe. Hakusindikizwa na mtu. Alisimama mlangoni, akaniamkia, akasema amemaliza la saba. Nilimwingiza kwenye kundi la akina Gati na Chacha. Alikuwa hasemi sana. Lakini patasi ikipinda alijua kuinyoosha, na nilipotaka kuwafundisha kukoleza chuma, yaani kukipasha moto kisha kukizamisha majini kikawa kigumu, nilimwomba aniulizie kwa baba yake kama tunaweza kuazima mivukuto.

Makuru aliileta mwenyewe kichwani. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja na kijiti chake juu, na mbele yake mdomo wa mti. Akatuonyesha namna ya kuipiga kwa zamu, mmoja ukipanda mwingine unashuka, ili upepo usikatike. Neno alilolirudia ni moja tu, tusiiache ngozi ikanyeshewa.

Habari zilifika kwa Mzee Wambura kabla hata moto haujapoa. Kesho yake alikuja karakanani na fimbo yake. Nilimkaribisha kigoda, na kigoda kilikuwa cha Makuru, alichokiacha jana yake, akakitazama akabaki amesimama. Hakunitukana. Aliongea kwa heshima, akaniita mwalimu, akasema yeye hana ugomvi na serikali wala na mimi, lakini mtoto wake hatashika ngozi zile. Alisema ana wana wawili tu waliobaki kati ya wengi aliowazika, Mwita na huyu Chacha, na hawezi kucheza nao. Nilijaribu kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Chacha kijana kwa Kikurya, "Mura, twende." Chacha akaweka tupa mezani, akamfuata baba yake.

Baada ya hapo wazazi wengine nao wakaanza kuita watoto wao. Kundi lile likabaki na Gati, Nyangi na wawili wengine. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema ila aliyependa mambo yatulie, akaniambia kwamba suala la karakana litazungumzwa kwenye mkutano ujao, na kwamba nijiandae. Nilijua maana yake. Sanduku lingerudi ofisini na mimi ningerudi darasa la nne.

Wakati huohuo kijiji kilikuwa kinachimba kisima. Winchi ya kisima ilikuwa kazi yetu, gogo lililolazwa juu ya panda mbili za mti, mpini wa chuma kila upande, na kidole cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu la meno kuzuia gogo lisirudi nyuma mkono ukichoka. Wachimbaji walikuwa vijana wa kijiji kwa zamu, na mkubwa wao alikuwa Mwita, kaka yake Chacha. Mwita alikuwa kijana wa miraba minne, mcheshi, ameoa karibuni. Akiwa chini alikuwa akiimba, na sisi karakanani, ambako hapakuwa mbali, tulisikia wimbo unatoka ardhini.

Ikanyesha mvua kubwa, kazi ikasimama siku kadhaa, shimo likafunikwa kwa magogo na majani. Jua liliporudi, Mwita alikuja mapema, wenzake wakafunua, wakamshusha. Tulikuwa tunapanga mabomba ya bati ya zahanati nje ya karakana. Nilimsikia akianza wimbo. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno. Sikujali, nilidhani amepumzika. Halafu nikasikia wanaume wanamwita jina, mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili si kwa kawaida.

Tulikimbia wote. Nilipoinama juu ya shimo nilimwona chini kule, ameketi, ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani kama mtu aliyesinzia. Jembe liko mapajani. Kamba alikuwa ameshaivua kiunoni, inaning'inia karibu naye. Kijana mmoja alikuwa tayari anavua shati ashuke. Nikamshika mkono.

Wanangu, hili nilifundishwa na baba yangu, naye alilijua kwa kumpoteza rafiki ndani ya tangi la mafuta. Shimo likifungwa, hewa mbaya inakaa chini. Haina rangi wala harufu. Mtu anashuka anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa anaanguka juu yake, wa tatu vivyo hivyo. Nikaagiza kibatari. Tulikiwasha, tukakifunga kwenye kamba, tukakishusha. Kilipofika katikati, moto ukawa mdogo, ukawa bluu, ukazima.

Mzee Wambura alikuwa amefika. Sijui nani alimwita. Alikuja bila fimbo na bila kofia, akawa anausogelea ukingo wa shimo. Nilisimama mbele yake nikanyoosha mikono. Nikamwambia asishuke, hewa imeharibika, taa imezima.

"Mwanangu yuko chini," akaniambia taratibu, "na wewe unanionyesha taa?"

Wanaume wawili wakamshika mabega. Nikawaambia wengine wafunge matawi yenye majani kwenye kamba, wayashushe na kuyapandisha kwa nguvu, maana hata kukoroga hewa kunasaidia. Lakini nilijua hakutoshi. Nilikuwa najiuliza ni nini kingine kinachoweza kusukuma upepo, na nakiri kwamba akili yangu ilikuwa imesimama kama saa iliyokwisha ufunguo.

Gati ndiye aliyesema. Alisema mivukuto, na mabomba ya zahanati.

Nyangi alikuwa ameshageuka anakimbia kabla mwenzake hajamaliza neno. Na nyuma yake alikimbia Chacha. Alikuwa pale kati ya watu wa kisima, na baba yake alimwona akikimbia, lakini hakumwita. Walirudi, Nyangi na mfuko mmoja kichwani, Chacha na mwingine kifuani amekumbatia kama mwanambuzi, na wenzao na mabomba begani. Tukayaunganisha pale pale juu ya shimo huku tukiyateremsha, la juu ndani ya la chini, kila kiungo tukikizungushia kitambaa kilicholoweshwa na udongo. Kanga yangu iliishia humo, na ya mke wa mwenyekiti. Bomba lilipofika karibu na miguu ya Mwita tukalifunga kwenye panda ya winchi, tukaingiza midomo ya mivukuto, tukaziba kwa udongo.

Nyangi alipiga. Juu, chini, juu, chini, bila kukatika, kama baba yake alivyotuonyesha. Sauti pekee ilikuwa ile ya ngozi inayovuta na kutoa. Mikono yake ilipochoka Gati akashika, kisha Nyangi tena. Makuru mwenyewe alifika wakati huo, akasimama nyuma ya watu, hakuja mbele. Alimwambia binti yake neno moja kwa lugha yao, na Nyangi akapunguza kasi. Alikuwa anaharakisha mno, upepo ulikuwa unavujia kwenye viungo.

Tukashusha kibatari tena. Kilipita pale kilipozimika mwanzo. Kikafika chini kikiwa kinawaka, na katika mwanga ule tukaona bega la Mwita linapanda na kushuka. Kisha akatapika. Sijawahi kufurahi namna ile kumwona mtu akitapika.

Lakini alikuwa kama mlevi. Alifumbua macho asione, akawa anapapasa ukuta. Watu wote wakaanza kumpigia kelele kwa pamoja, shika kamba, simama, usisimame, huku, kule, na yeye akawa anageuza kichwa kila upande na mwisho akakilaza tena. Nilipandisha mkono wanyamaze. Nikamtazama Chacha. Sikuhitaji kumweleza. Alilala kifudifudi kwenye ukingo, akaongea kwa ile sauti yake ya kuchungia.

"Mwita. Ni mimi. Mkono wako wa kulia, uinue. Hapo. Hiyo ni kamba, ishike."

Akangoja. Mwita akaishika.

"Ina kitanzi. Kipitishe kichwani. Bado. Sasa ingiza mkono wa kulia. Pumzika. Sasa wa kushoto. Kivute kifike kwapani."

Ilichukua muda ambao siwezi kuupima. Mara moja Mwita aliacha kila kitu akataka kulala, na Chacha hakupandisha sauti, alirudia tu lile lile mpaka likafanywa. Kitanzi kilipofika kwapani nikawaambia wanaume wazungushe. Kidole cha winchi kikawa kinadondoka kwenye meno ya gurudumu, ka, ka, ka, na kila kilipodondoka nilijua amepanda na hatarudi chini. Kichwa kikatokeza. Mikono ikamvuta. Wakamlaza kwenye majani, akapumua kwa kelele kama ng'ombe aliyevuka mto, akauliza kwa nini watu wamejaa hivi.

Mama yake alimpiga kofi, kisha akamkumbatia. Mzee Wambura alikaa chini kwenye matope na suruali yake safi, akakaa hapo muda mrefu. Na mimi nilitembea mpaka nyuma ya karakana, nikashika ukuta, nikalia kama mtoto. Hakikuwa kilio cha huzuni. Mwili ulikuwa umeshikilia kitu kizito, sasa umeambiwa uweke chini. Gati alinifuata akanikuta hivyo, akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimepona.

Nikarudi nikamkuta Makuru anakagua mivukuto yake. Nilitaka kumshukuru, nikaanza hotuba ndefu. Akanikatiza akasema ngozi zimelowa udongo, zipakwe mafuta leo leo, zikikauka hivyo zitapasuka. Ndivyo alivyokuwa.

Wasiwasi wangu ulikuwa haujaisha. Mkutano wa kijiji ulikuwa unakuja, na nilijua watu wanaweza kuligeuza jambo vyovyote. Wangeweza kusema mikosi ya mivukuto ndiyo iliyomwangusha Mwita. Kuna waliokuwa wameshaanza kunong'ona hivyo mtoni, Gati aliniletea. Siku mbili zile nilipika chakula nikasahau kukila.

Asubuhi ya mkutano, kabla ya watu kukusanyika, Mzee Wambura alikuja karakanani. Alikuwa na Chacha. Nilisimama. Makuru alikuwepo, anashona mfuko uliopasuka mshono. Wambura akatuamkia wote wawili, akatazama huku na huku, kisha akakivuta kile kigoda cha Makuru akaketi. Makuru aliendelea kushona. Mwisho Wambura akamuuliza ngozi ile ni ya mbuzi wa umri gani, Makuru akamjibu kwamba beberu mzima ndiye mzuri, na wakaanza kuzungumza mambo ya mbuzi. Nikaenda kuwapikia chai.

Kwenye mkutano mwenyekiti alipofika kwenye suala la karakana, Wambura aliomba nafasi. Nakumbuka alichosema kwa sababu kilikuwa kifupi. Alisema, "Ndugu Mwenyekiti, kisima hakijafika maji. Vijana wa mwalimu wanahitajika pale. Tuendelee na lingine." Mwenyekiti akashusha pumzi nikaisikia, akaendelea na suala la shamba la kijiji. Sanduku likabaki kwangu. Ilikuwa rahisi hivyo, baada ya siku zote zile za kujiandaa na maneno ambayo sikuyatumia.

Msidhani kila kitu kiligeuka. Wako waliokufa bila kukaa kwenye kigoda cha mhunzi. Lakini kuanzia hapo hakuna aliyeshuka kisimani kabla ya kibatari kutangulia, na bomba lilibaki humo, na mivukuto ikapigwa asubuhi zote. Wazazi walirudisha watoto mmoja mmoja bila maelezo, na mimi sikuwauliza. Maji yalipatikana wakati mahindi yanachanua. Mwita ndiye aliyekuwa chini, kwa sababu alikataa katakata mtu mwingine amalizie, na ndoo aliyoipandisha ilikuwa ya matope mazito, wanawake wakaipigia vigelegele kama ni maziwa.

Nyangi alikuja kuwa mwalimu wa ufundi baada yangu. Aliolewa na mtu wa nje ya ukoo wao, harusi ilikuwa na maneno mengi lakini ilifanyika. Gati alifungua karakana ya baiskeli kule Sirari mpakani, akawa anatoza Wakenya zaidi. Chacha alibaki na ng'ombe. Nilimlaumu kwa hilo, nikidhani amepoteza kipaji, mpaka nilipomwona anawafundisha vijana wake kukamua, anataja kitu gani, kiko wapi, kifanywe nini, na anangoja.

Mimi nilistaafu zamani. Nina magoti mabaya na uji mzuri. Mkipata nafasi njooni, leteni na vigari vyenu, uani kwangu kuna kuta za kutosha kugonga.

Wa mwisho kunitembelea alikuwa Mwita. Ni mzee sasa, ana wajukuu, tumbo limemtangulia. Alikuja na kuku kwapani, akala ugali, akazungumza habari za mvua, na katikati ya mazungumzo usingizi ukamchukua kwenye kiti. Anakoroma, huyo mtu. Anakoroma mpaka vikombe vinalia kabatini. Neema alikuwa anasoma chumba cha pili, akatoka amekasirika, akataka kumwamsha. Nikamwambia amwache babu akorome. Nikavuta kiti changu karibu, nikakaa, nikawa namsikiliza.